Namba Isiyotaka Watu Kumi na Wawili

Ulikuwa mwaka wa sombe ya chumvi ya majivu. Mimi miaka siijui kwa namba, naijua kwa sahani. Kuna mwaka wa mchele wenye mawe, kuna mwaka tulikula samaki wadogo mpaka watoto wakanuka mto, na kuna huo. Maduka ya wageni yalikuwa yamepewa wenyeji. Wenyeji wakauza yaliyokuwamo, kisha wakakaa nyuma ya meza wakitazama rafu tupu. Sukari ikaenda, sabuni ikaenda, mwisho chumvi. Tukashuka Lualaba kukata magugu ya maji, tukayakausha, tukayachoma, tukachuja majivu, tukachemsha yale maji mpaka sufuria ikabaki na unga wa kijivu. Ukiutia kwenye sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, ulimi unakunjana kama jani juani. Tulikula. Hata wakubwa wa chama, waliotutoa nyumbani asubuhi kwenda kucheza na kuimba uwanjani, adhuhuri walikula hiyo hiyo, na nyuso zao niliziona.

Nilikuwa mwali bado, ndoa mbichi. Kwetu ni upande wa Pangi, porini, na shule yangu ni madarasa mawili kwa masista, basi. Bwana yangu alikuwa karani kwenye gari la moshi, mtoto wa Kindu hasa, wa ukoo wa Wangwana. Wangwana ni wajukuu wa watu wa misafara ya zamani kutoka pwani, na Ijumaa wanavaa kanzu kama vile Unguja bado inawasubiri. Niliingia dini yao kwa moyo wangu, hakuna aliyenisukuma. Lakini mtu wa pori akiingia nyumba ya Wangwana, anaoga, anatawadha, anavaa mtandio, na bado kuna mtu atanusa.

Mama mkwe wangu alikuwa mkubwa wa wanawake kumi na mmoja, yeye akiwemo. Kila Alhamisi, baada ya alasiri, walikutana barazani kwake kumsalia Mtume. Ukiwa na haja, mgonjwa, safari, mimba inayochelewa, unapeleka neno kwake, nao wanasoma ile sala mara elfu nne mia nne arobaini na nne. Kwa nini hiyo namba? Wazee waliipokea kwa wazee. Mimi sikuuliza, kama vile sikuuliza kwa nini mto unaenda kaskazini. Wakati ule haja ilikuwa moja kwa mji mzima: chumvi.

Namna ya kuisoma ndiyo iliyonipendeza tangu siku ya kwanza. Tasbihi zao zilitungwa pale pale nyumbani, kwa mbegu nyeusi za maua ya uani, ngumu kama risasi za bunduki ya kuwindia ndege. Mbegu mia, na kichwani kokwa moja kubwa ya mchikichi. Watu wengine kichwa hawakihesabu. Wale walikihesabu. Kwa hiyo mzunguko mmoja ni mia na moja. Kila mwanamke mizunguko minne, na mbele yake punje nne za mahindi; ukimaliza mzunguko unasukuma punje upande wa pili. Wanawake kumi na mmoja, mizunguko minne kila mmoja, ni mizunguko arobaini na minne ya mia na moja. Namba inatimia yenyewe, haibaki hata moja, na hakuna aliyebeba zaidi ya mwenzake. Wanaanza kwa sauti mbalimbali kama nyuki, na wanafika karibu pamoja.

Shangazi ya bwana yangu alipokufa, nafasi ikabaki wazi. Mama mkwe alinitazama muda mrefu siku ile, mimi nikiosha vikombe. Akasema, "Mukamwana, unaweza kukaa kimya?"

"Naweza, mama."

"Muongo. Lakini uko na kifua cha kusoma. Kuja ukae."

Nikakaa. Nisifiche kitu: pale mkekani, kati ya mwanamke wa kushoto na mwanamke wa kulia, ndipo nilipokuwa mtu wa Kindu kwa mara ya kwanza. Wale walioninusa sokoni walianza kuniita mama. Nikipita, mwenye duka, rafu zake tupu vile vile, ananisimamisha: "Mama, Alhamisi munisomee na miye." Ule mkeka nisingeubadilisha kwa kiti cha waziri.

Halafu wifi yangu akarudi kutoka Kisangani. Ni binti wa mama mkwe, dada mkubwa wa bwana yangu. Mume alikuwa amemwacha, na alishuka kwenye boti na masanduku mawili, redio, na tasbihi ya vioo vya kijani iliyong'aa kama macho ya paka. Mzuri, mkali, mwenye mdomo. Siku ya kwanza tu, nikiwa napika, alisimama mlangoni pa jiko.

"Ndiye weye uliyechukua nafasi ya shangazi yetu?"

"Njo miye."

"Mutoto wa Pangi! Unajua kuhesabu mpaka wapi? Mpaka vidole?"

"Vidole vyangu viko kumi, wifi, vyako kumi. Lakini mume iko kwangu."

Mama mkwe alicheka huko chumbani mpaka akakohoa. Wifi hakucheka. Hapo ndipo vita vilipoanza, na sisemi nilionewa tu. Na mimi nilikuwa na ulimi wangu.

Alhamisi hiyo mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa na homa, wifi akakaa mahali pake. Alisoma vizuri, sauti ya asali, siwezi kumnyima. Mizunguko minne, punje nne, kamili. Tulipokuwa tukinywa chai, chai bila sukari, bila shaka, niliichukua ile tasbihi yake nzuri niishike kidogo. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea, vikaanza kuhesabu vyenyewe. Shanga tisini na tisa, na kichwa. Mia. Nikarudia. Mia.

Nikasema, "Mama, hizi ziko mia."

Vikombe vikasimama hewani. Kisangani wanatumia tasbihi ya tisini na tisa, kama dunia nzima, na wifi hakujua kwamba mbegu zetu za uani zina moja zaidi. Mizunguko minne, kila mmoja umepungukiwa na moja: sala nne hazikusomwa. Tulikuwa tumesoma elfu nne mia nne arobaini.

"Nne!" wifi akasema. "Mungu atakosa kutuona kwa sababu ya nne?"

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Mungu anaona. Miye ndiye sioni. Soma hizo nne."

Akazisoma, mbele ya wote, uso umevimba. Kuanzia hapo hakutaka tu kukaa na sisi. Alitaka kukaa mahali pangu.

Yule mgonjwa akapona, akarudi. Sasa tukawa kumi na wawili. Mama mkwe hakuweza kumfukuza binti yake aliyeachwa juzi, watu wangesema nini? Akamwita bwana yangu atoke na kalamu yake ya kazini. Akaandika, akakuna kichwa.

"Mama, mizunguko arobaini na minne kwa watu kumi na wawili haiendi. Kila mmoja mitatu, inabaki minane. Ukigawanya sala zenyewe, kila mmoja mia tatu na sabini, zinabaki nne."

"Nne tena!" wanawake wakasema pamoja.

"Basi tuziache," wifi akasema. "Elfu nne mia nne arobaini inaenda vizuri kwa kumi na wawili, haibaki kitu."

"Na hizo nne unamuachia nani?" mama yake akamuuliza. "Kuku?"

Alhamisi moja tulijaribu hivyo: mia tatu na sabini kila mtu, na mama mkwe amalizie nne. Lo! Mia tatu na sabini kwenye tasbihi yetu ni mizunguko mitatu na mbegu sitini na saba. Sitini na saba iko wapi kwenye uzi? Mmoja alifunga kitambaa cha nguo kwenye mbegu, kikafunguka. Mwingine alitia mate alama, yakakauka. Huyu anasoma, yule anahesabu kwa sauti, yule wa kushoto ananiuliza, "Umefika wapi?" na mimi, kwa kumjibu, nikapoteza nilipofika. Mmoja akaanza kucheka, na ukicheka mbele ya sala ya watu unaangusha mkeka mzima. Tulivunja baraza jua likiwa bado juu, hakuna anayejua tulisoma ngapi. Juma zima chumvi haikuja, na mtaani walituangalia kama vile tumeificha sisi.

Alhamisi iliyofuata mama mkwe alisema, akitazama mkeka, si mtu: "Namba inataka kumi na mmoja. Mmoja atoke."

Hakutaja. Hakuwa na haja. Macho ya wale wengine tisa, sikuyahesabu lakini niliyajua, yaligeuka upande wangu. Mgeni nilikuwa mimi. Kijana nilikuwa mimi. Wa pori nilikuwa mimi. Wifi alikuwa akizungusha vioo vyake vya kijani polepole, hata hakunitazama, alikwisha kushinda.

Nikiinuka, nilijua narudi wapi: kwenye vikombe, na kwenye pua za watu sokoni. Nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia:

"Miye sitoki. Mugawanye tena."

Mukamwana kumjibu mama mkwe mbele ya watu! Mmoja akashika mdomo. Mama mkwe akakunja tasbihi yake, akaitia kwenye mfuko, akaingia ndani. Siku hiyo hapakusomwa. Jioni nilimpelekea sombe, sahani ikarudi vile vile, kifuniko hakikuguswa. Kesho yake vile vile. Mwanamke aliyekula chumvi ya majivu bila kulalamika alikataa chakula changu.

Bwana yangu alikuwa katikati, maskini, mama huku, mke kule, dada pale. Si mtu wa kupiga kelele. Jumapili, hana kazi, alikaa na mimi sakafuni, akamwaga mahindi makavu.

"Bibi yangu, umesema tugawanye tena. Basi tugawanye. Tuione hii namba, njo muntu gani."

Nimeishi miaka mingi na yule bwana, lakini nikimkumbuka, namkumbuka siku hiyo, shati la kazini limefunguliwa, anasukuma punje kwa kidole. Aliandika kwa chaki sakafuni: nne, nne, nne, nne. "Uisome kutoka huku ao kutoka kule, njo ile ile. Sawa na nyumba za kambi ya reli, milango yote inafanana." Kisha akaanza kuivunja. Mbili, mara mbili tena, mara kumi na moja, mara mia na moja. Hapo akasimama. Akasema haivunjiki zaidi.

"Mia na moja haivunjiki?"

"Haivunjiki."

"Nani alisema?"

Akacheka. "Jaribu."

Nikahesabu punje mia na moja, nikazipanga kama mahindi shambani. Mistari miwili, ikabaki moja. Mistari mitatu, zikabaki mbili. Minne, moja. Mitano, moja. Sita, zikabaki tano. Saba, tatu. Nane, tano. Tisa, mbili. Kumi, moja. Kila mara kuna punje imekaa nje kama mimi. Nilikuwa naanza mistari kumi na mmoja, nikaona nimepanga mistari yenye punje tisa tisa, na mbili nje. Nikaitazama. Nikazunguka, nikakaa upande wa pili wa sakafu. Ile ile! Ni mistari tisa ya punje kumi na moja, niliyokwisha kuipanga, mimi tu nimehama. Kumbe baada ya kumi hakuna jipya, ni shamba lile lile unaliangalia kutoka kwa jirani. Nikapiga makofi peke yangu. Bwana yangu akasema waalimu wao walikuwa wameliacha jambo hilo ubaoni bila kuwaonyesha kwa macho, na alikuwa anaona na yeye sasa. Tulifurahi wote wawili, kama watoto waliopata embe.

"Sasa," akasema, "kumi na mmoja haivunjiki, mia na moja haivunjiki. Njo maana hii namba iko na kichwa kigumu. Tatu haitaki. Tano haitaki, saba, kumi, haitaki. Inataka mmoja, wawili, wanne. Kisha inaruka mpaka kumi na mmoja. Kisha ishirini na wawili, kisha arobaini na wanne. Kutoka hapo mlango mwingine ni mia na mmoja." Akaendelea mpaka mwisho, akizihesabu. Njia zote za kuigawanya bila kubakiza ni kumi na mbili. "Ona hii namba! Njia kumi na mbili, na watu kumi na wawili haiwataki."

Mimi nilikuwa nimebaki nyuma, kwenye ishirini na wawili.

"Ishirini na wawili, kila mmoja mizunguko mingapi?"

"Miwili."

"Na sisi tuko kumi na wawili."

"Ndiyo."

"Wanapungua kumi tu."

Alinitazama. "Bibi yangu, mama atakuua."

Nilijifunga kitenge nikatoka. Sikuenda kwenye nyumba za Wangwana. Kule kila aliyetaka kukaa alikuwa amekwisha kuomba zamani, akaambiwa nafasi hakuna. Nilikwenda kwa wale ambao hawakuomba kwa sababu walijua jibu. Mke wa mpiga kasia wa ng'ambo, mwenye mikono mipana. Muuza mafuta ya mawese, aliyesilimu kabla yangu na bado anasali kwenye uzio wake peke yake. Dada wawili wa upande wa Kibombo. Mjane aliyeuza magugu makavu ya chumvi pale bandarini, na wengine watano kama hao. Nilimwambia kila mmoja neno moja: "Alhamisi, utunge mbegu mia na kokwa."

"Kwa nani?" wanauliza.

"Barazani kwa mama mkwe wangu."

"Amesema?"

"Namba imesema."

Alhamisi walikuja kumi, wameoga, mitandio imenyooshwa, wawili bado wana kitenge cha chama kwa sababu walitoka moja kwa moja uwanjani. Kila mmoja na tasbihi mpya mkononi. Mama mkwe alisimama kizingitini. Ninaiona bado ile sura.

"Hawa njo nani?"

"Ishirini na wawili, mama," nikasema. "Mizunguko miwili kila mmoja. Haibaki hata moja. Na hakuna wa kutoka, wala wifi."

Nilitaja wifi makusudi. Mama mkwe aligeuza macho kwa binti yake. Wifi alikuwa na vioo vyake vya kijani, lakini nikaona, na mama akaona, kwamba kwenye uzi, baada ya vioo, alikuwa ameongeza mbegu moja nyeusi ya uani. Siku gani aliiongeza sijui. Hakuniambia mpaka leo.

Mama mkwe alipita mbele ya wale kumi, mmoja mmoja, akachukua tasbihi ya kila mtu na kuihesabu. Mbegu mia, kokwa. Mbegu mia, kokwa. Ya muuza mawese ilinukia mawese. Aliihesabu mara mbili, nadhani apate muda wa kufikiri. Kisha akasema, "Mikeka haitoshi. Mukamwana, leta ile ya chumbani kwangu."

Ile ya chumbani kwake! Nilikimbia kama mtoto.

Tulisoma. Punje mbili mbili mbele ya kila mtu. Sauti zilikuwa nyingi zaidi, nusu ya muda tukamaliza, na mama mkwe akasema kwamba chai ya watu ishirini na wawili nitaipika mimi, kwa kuwa miguu yangu inajua kutembea. Jioni alikula sombe yangu, akafuta sahani kwa kidole.

Chumvi ilikuja na gari la moshi, siku ngapi baadaye sikumbuki, kwenye magunia yaliyolowa. Mji mzima ulijua ni sisi. Bwana yangu alisema behewa lilikuwa limekwama njiani tangu zamani. Nikamwambia, na nani alilikwamua?

Baraza lile likakua tena, kwa kuruka vile vile. Mama mkwe alikufa tukiwa arobaini na wanne, mzunguko mmoja kila mtu, unakwenda mara moja tu kuuzunguka uzi, na namba nzima imekwisha. Ilikuwa namna nzuri kuliko zote. Hata wanawake wa chama waliokuja kutazama tunafanya mkutano gani walijikuta wamekaa, na mmoja alirudi Alhamisi ya pili na mbegu zake, akaziba nafasi iliyokuwa wazi. Mama mkwe alipokuwa kitandani aliuliza, "Muko wangapi?" Nikamwambia. Akasema, "Sasa usiguse." Ule mkeka wa chumbani aliniachia mimi, si wifi. Wifi alilia, kisha akasema ni haki.

Nikawa mkubwa wa baraza mimi. Mtoto wa Pangi! Wajukuu wangu wanaokuja kunisalimia leo hawajui hiyo ilikuwa nini, waambieni.

Zaire ilikuwa imekwisha zamani, nchi imerudi kuitwa Kongo, na bado tunalipa sabuni kwa matofali ya noti, alipokuja mke mpya wa mmoja wa watoto wangu, msichana mzuri, sauti safi. Wakamweka mkekani bila kuhesabu. Arobaini na watano. Alhamisi ile walikuwa wananong'ona, na mwisho mukamwana wangu mkubwa akapiga magoti mbele yangu, kwa adabu kabisa.

"Bibi, magoti yanakuuma. Na siku hizi unamaliza mwisho. Tunaona upumzike, huyu mutoto akae mahali pako. Namba haitaki arobaini na watano."

Nikamtazama yule msichana. Alikuwa ameishika tasbihi yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuambiwa ainuke. Nikamwambia akae vizuri, hakuna wa kumwinua.

Wifi yangu, mzee kama mimi, hana jino la mbele hata moja, alikuwa kushoto kwangu na vioo vyake vya kijani. Alianza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Mutaona," akawaambia. "Mutaona sasa. Mlango mwingine ni mia na mmoja."

"Mia na mmoja!" mukamwana akasema. "Bibi, wanawake hamsini na sita tutawatoa wapi?"

Nikasogeza punje yangu ya mahindi, nikanyoosha miguu yangu mibovu juu ya mkeka wa mama mkwe wangu.

"Miye sitoki. Mugawanye tena."